Mwanga wa leza na jino la mtoto wetu: tuliyoyakuta Kampala

 

Mwezi huu, kwenye ukurasa wetu wa afya ya familia, tunaleta habari ya meno. Sababu ni neno moja ambalo limezunguka sana hapa Nakivale tangu muhula uliopita, neno leza. Pengine na wewe umelisikia penye bomba la maji, au kwenye simu ya ndugu yako. Eti kule Kampala kuna mwanga, wanauelekeza kwenye jino bovu, mgonjwa hasikii maumivu, na jino linarudi kuwa zima kama zamani. Watu wanauliza: ni kweli? Na kama ni kweli, mtu auze nini ili aufikie?

Sisi walimu wa kujitolea hatukuwa na jibu. Tulikwenda tukauliza, na leo tunawaletea tuliyoyaona na tuliyoambiwa. Someni mpaka mwisho, maana jibu lenyewe halikuwa lile tulilolitazamia.

MTOTO WA DARASA LA TATU

Katika P.3 tuko na msichana wa miaka tisa, mwenye akili na mpenda hesabu. Muhula mzima uliopita aliingia darasani amefunga kitambaa shavuni. Siku zingine alilaza kichwa juu ya dawati. Ukimuuliza ana nini, anajibu polepole, "Mwalimu, inaniluma." Siku zingine hakuja kabisa.

Tunakubali kosa letu hapa mbele yenu. Sisi tulimpa pole, tukamwambia asukutue maji ya chumvi, tukamruhusu aende nyumbani kulala. Mama yake alimwekea karafuu, akamnunulia panadol dukani. Maumivu yalitulia, na baada ya wiki mbili yakarudi kwa nguvu. Akanunuliwa vidonge vya rangi mbili. Yakatulia tena, yakarudi tena. Na sote, wazazi na walimu, tulisema neno lile lile: "Hilo ni jino la utoto, litatoka lenyewe." Kumbe halikuwa jino la utoto. Tutalirudia jambo hilo chini.

Basi, shemeji wa baba yake anayeishi Kampala akapiga simu. Akasema yeye mwenyewe alitengenezwa jino kwa mwanga, na hakusikia kitu. Baba aliposikia hivyo akaamua kuuza kinga yake, ile baiskeli mnayoiona kila asubuhi na mikungu ya matoke nyuma. Tangu mgao wa chakula upunguzwe na familia kupangwa kwa makundi mwaka 2023, baiskeli hiyo ndiyo inayolisha watoto watano.

Alisikia kwamba walimu wawili tunakwenda Kampala kwa semina ya siku tatu. Akaja jioni, akakaa kwenye benchi, akakohoa kidogo, akasema: "Walimu, ninaomba musaada moja tu. Mutuulizie ile mwanga. Iko kweli ao ni uongo? Nikishauza kinga siwezi kuirudisha tena."

Tukamwambia, "Baba, ngoja. Usiuze kitu mpaka turudi."

KATIKA KLINIKI YENYE UBAO WA LEZA

Kutoka Mbarara mpaka Kampala ni karibu kilomita 270. Tuliondoka na basi la alfajiri, tukapita Lyantonde na Masaka, tukavuka ikweta pale Kayabwe, na mchana tukawa mjini katikati ya kelele za boda na makondakta. Tulilala Katwe, kwa shangazi wa mwenzetu mmoja.

Siku ya pili semina ilipomalizika mapema, tulikwenda kwenye kliniki moja ya binafsi katikati ya mji. Nje wameweka ubao mkubwa unaosema wanatibu kwa leza. Jina lake hatulitaji, maana gazeti hili halitangazi biashara ya mtu. Ndani kuna viti vya ngozi, televisheni, na harufu ya karafuu. Dada wa mapokezi alitutazama viatu vyetu vyenye vumbi, akatuuliza nani mgonjwa. Tukasema hakuna mgonjwa, sisi ni walimu kutoka kambini, tunataka kuelewa ili tukawafundishe wazazi.

Munganga wa meno, mama wa makamo, alitoka akatupa robo saa yake. Tunamshukuru. Alitufungulia kabati akatuonyesha mashine yenyewe. Sisi tulitazamia chombo kikubwa kama friji. Kumbe ni kisanduku kidogo kama redio, chenye waya mwembamba unaoishia kwenye kitu kama kalamu. Tukamuuliza, "Mama, hii ndiyo inayotengeneza jino lililotoboka?"

Akacheka. Akasema, "Hapana, wanangu. Hii ni ya nyama. Mimi ninaitumia kwenye ufizi. Jino haiwezi kulichimba. Ya kuchimba jino ni nyingine, ni kubwa, na ni ghali kuliko gari."

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa. Watu wanasema leza kana kwamba ni kitu kimoja. Kumbe ni za aina nyingi, na kila moja na kazi yake.

LEZA NI KITU GANI?

Leza ni mwanga. Lakini si mwanga kama wa taa ya sola au wa tochi. Fikirini soko la Jumapili linapofungwa: watu wanatoka kila mmoja na njia yake, huyu haraka, huyu polepole. Mwanga wa tochi uko hivyo, unatawanyika kila upande na una rangi nyingi zilizochanganyika. Sasa fikirini kwaya inayoingia kanisani, wote wamevaa sare moja, wanatupa mguu pamoja, wanaelekea upande mmoja. Leza iko kama hiyo kwaya. Ni mwanga wa rangi moja, unaokwenda kwa mpangilio na kwa mstari mmoja, na ndiyo maana nguvu yake yote inaweza kuangukia mahali padogo kama ncha ya kalamu.

Wazo la kwanza lilitoka kwa mwanasayansi Albert Einstein mwaka 1917. Lakini leza yenyewe iliwashwa mara ya kwanza tarehe 16 Mei 1960 huko California, Marekani, na mhandisi Theodore Maiman, aliyetumia kijiti cha rubi. Ni miaka miwili tu kabla ya Uganda kupata uhuru. Mwaka 1965 daktari wa ngozi Leon Goldman aliijaribu kwenye jino la ndugu yake wa damu, Bernard, ambaye mwenyewe alikuwa munganga wa meno. Bernard hakusikia maumivu, ila jino liliharibika kidogo kwa juu. Shida ya leza za zamani ilikuwa joto. Zilipasha jino moto, na ndani ya jino kuna nyama laini yenye damu na mishipa ya fahamu. Ukiipika ile nyama, jino linakufa.

Ilichukua miaka mingi mpaka ikapatikana leza inayofaa kuchimba jino. Mwaka 1997 serikali ya Marekani iliruhusu leza ya erbiamu itumike kwenye jino lenyewe. Hii inafanya kazi kwa ujanja wa bisi. Mnajua punje ya mahindi inavyopasuka kwenye sufuria: yale maji machache yaliyo ndani yanageuka mvuke, yanasukuma, punje inalipuka. Na jino lina maji kidogo ndani yake. Mwanga wa erbiamu unapendwa sana na maji. Ukipiga jino, yale maji yanageuka mvuke mara moja na kurusha vipande vidogo sana vya jino. Mashine inanyunyizia maji wakati huo huo ili jino lisipate moto. Sehemu iliyooza ina maji mengi kuliko sehemu nzima, kwa hiyo inatoka upesi zaidi.

LEZA INAWEZA NINI, NA NINI HAIWEZI

Tuliandika kwenye daftari kama munganga alivyotueleza, na tunawawekea hapa kwa ufupi.

Leza inaweza:
- Kukata ufizi uliozidi au uliofunika jino. Inafunga mishipa midogo ya damu wakati inakata, kwa hiyo damu inatoka kidogo.
- Kuachilia kamba ya chini ya ulimi kwa mtoto ambaye ulimi wake umefungwa sana.
- Ile ya erbiamu inaweza kuondoa uozo kwenye jino bila mtetemo na bila ule mlio wa mashine unaowatisha watoto. Mara nyingi mgonjwa hahitaji sindano ya ganzi, lakini si kila mara.

Leza haiwezi:
- Kurudisha jino lililokwisha kuoza. Inachimba tu. Baada ya kuchimba, tundu lazima lizibwe kwa dawa ya kuziba, sawa na lile lililochimbwa kwa mashine ya kawaida.
- Kuondoa ile dawa ya zamani ya rangi ya fedha iliyozibia jino. Hapo wanarudi kwenye mashine ya kawaida.
- Kung'oa gego. Jino linang'olewa kwa koleo na mkono wa munganga.
- Kufanya kazi haraka. Mara nyingi inachukua muda mrefu kuliko mashine ya kawaida.

Tena ni lazima mgonjwa, munganga na msaidizi wote wavae miwani maalumu, maana mwanga ule unaweza kuharibu jicho. Mkiona mtu anawasha kitu anachokiita leza na hakuna miwani, ondokeni.

Tukamuuliza mama munganga bei. Akatutajia. Mwenzetu aliangalia chini. Tulipotoka nje tukapiga hesabu: kutibu ufizi tu kungemaliza baiskeli ile, na pesa ya chakula ya miezi mingi juu yake. Na jino la mtoto lingebaki vile vile.

KUMBE NI MWANGA WA BULUU

Usiku ule tulimpigia simu yule shemeji, akaja Katwe kutuona. Kijana mpole, anauza simu za mkononi. Tukamwomba atuonyeshe jino lake. Lilikuwa jino la mbele, lilivunjika alipoanguka kwenye boda, na kweli limetengenezwa vizuri, huwezi kujua. Tukamuuliza mwanga ulikuwa wa rangi gani. Akasema, "Buluu. Waliushika hapa karibu na jino, sekunde chache, ukafanya *pii*, wakazima."

Kesho yake asubuhi tulipanda kilima cha Mulago, kwenye hospitali kuu ya taifa, ambako ndiko wanafunzi wa Makerere wanajifunzia udaktari wa meno. Watu walikuwa wengi, akina mama na watoto wao, wazee wameshika mashavu. Tulizungumza na ofisa mmoja wa meno wakati wa kunywa chai. Tulipomweleza habari ya mwanga wa buluu akasema mara moja: hiyo siyo leza.

Akatueleza hivi. Siku hizi kuna dawa nyeupe ya kuziba meno. Inakuja laini kama ugali ambao haujaiva, munganga anaipaka na kuitengeneza umbo la jino. Ndani yake kuna kitu kinachongoja mwanga wa buluu. Ukiumulika kwa taa ndogo, kwa sekunde kama 20, dawa inakuwa ngumu kama jiwe. Taa hiyo haichimbi, haikati, haiui wadudu. Inakausha tu dawa. Na inapatikana kwenye kliniki nyingi za kawaida.

Shemeji hakudanganya. Alitibiwa vizuri, aliona mwanga, akasikia mahali fulani neno leza, akaunganisha mawili. Halafu neno likasafiri kwa simu, na lilipofika Nakivale lilikuwa limekwisha kuongezewa kwamba jino lililooza linafufuka. Ndivyo habari zinavyotembea, nasi sote tunazibeba.

NJIA ILIYOANZIA TANZANIA

Yule ofisa wa Mulago alituuliza: "Kwa nini mnatafuta leza? Mnataka mtoto asisikie mtetemo wa mashine, asiogope, asichomwe sindano, si ndiyo? Iko njia nyingine, na haihitaji hata umeme."

Njia hiyo inaitwa ART, na ilianzia hapa hapa Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1980, kule Tanzania, wataalamu wa shule ya meno ya Dar es Salaam, pamoja nao Mholanzi Jo Frencken, walikuwa wanatibu watu wa vijijini ambako hakuna umeme wa kuendesha mashine. Wakaanza kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono tu, kama vijiko vidogo sana vyenye makali, halafu wakaziba tundu kwa sementi ya meno. Baadaye njia hiyo ikajaribiwa Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa nchi zote.

Uozo wa jino ni laini, kwa hiyo unakwanguka kwa mkono. Sehemu nzima ni ngumu, inaachwa. Mara nyingi ganzi haihitajiki, maana kinachoondolewa ni kile kilichokwisha kufa. Sementi inayotumika inashika kwenye jino na inatoa floraidi kidogo kidogo, ambayo inalinda jino pembeni yake. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiweka sementi hiyo kwenye orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floraidi na dawa moja ya maji yenye madini ya fedha, ambayo inapakwa juu ya uozo na kuusimamisha. Dawa hiyo ya mwisho inaacha doa jeusi mahali palipooza, msishtuke mkiiona.

Lakini ofisa alituwekea sharti moja, akalirudia mara mbili: "Inafaa tundu likiwa bado dogo. Uozo ukifika kwenye nyama ya ndani, hakuna kijiko wala leza itakayolipona jino hilo kirahisi. Inabaki kutibu mzizi, ambayo ni kazi ndefu na ya gharama, au kung'oa."

Akatuambia pia kwamba hatukuhitaji kuja Kampala kwa hayo. Katika mpango wa serikali ya Uganda, kila kituo cha afya cha daraja la nne kinatakiwa kuwa na ofisa wa meno. Jambo likizidi, kutoka kwetu rufaa inakwenda hospitali ya mkoa ya Mbarara. Tulitazamana. Tulikuwa tumepita mbele ya Mbarara na basi tukikimbilia mbali.

TULIVYORUDI

Tulifika nyumbani kwa yule baba usiku, baiskeli bado imeegemea ukuta. Tukamweleza yote, kama tulivyowaeleza ninyi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa mtoto?"

Jumatatu tuliongozana, baba, mama, mtoto na mmoja wetu, mpaka kituo cha afya ambako kuna ofisa wa meno. Mama alimleta na mdogo wake wa miaka saba, kwa sababu hakuwa na mtu wa kumwachia.

Ofisa alimwangalia msichana, akagonga jino taratibu, akaangalia ufizi. Kulikuwa na usaha chini. Akatuambia ukweli: hili ni gego la ukubwa, limekwisha kufika kwenye mizizi, na upande mmoja limevunjika mpaka usawa wa ufizi. Leza isingeliokoa. Hata mwaka mmoja nyuma lingezibika. Akamchoma ganzi, akasubiri, akaling'oa. Mtoto alilia kidogo kwa sindano, kwenye kung'oa hakulia. Mama ndiye aliyelia. Ni jino alilotakiwa kulitumia mpaka uzee, na amelipoteza akiwa na miaka tisa.

Kisha ofisa akasema, "Na huyu mdogo afungue kinywa." Kwenye gego lake la nyuma kulikuwa na tundu dogo kama kichwa cha kiberiti. Hakuwa amelalamika hata siku moja. Ofisa akalikwangua kwa kijiko chake kidogo, akaliziba kwa sementi, akambonyezea kwa kidole. Hapakuwa na sindano wala mashine, na kazi haikuchukua muda. Mtoto alishuka kwenye kiti akauliza kama anaweza kula muhindi. Akaambiwa angoje kidogo.

Njiani kurudi, baba alisukuma baiskeli na watoto wote wawili wamekaa juu. Alisema, "Mimi nilikuwa ninatafuta mwanga. Kumbe nilipaswa kuangalia tu mudomo ya mutoto."

Msichana wetu amerudi darasani bila kitambaa. Wiki ile ile alipata kumi kwa kumi kwenye hesabu.

JINO LA MIAKA SITA

Hili ndilo tunalowaomba mlishike kuliko yote. Mtoto akifika karibu miaka sita, gego moja jipya linaota nyuma kabisa, nyuma ya meno yote ya utoto. Linaota bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo wazazi wengi hawalioni, na wakiliona wanadhani ni la utoto. Si la utoto. Ni la ukubwa, na likitoka halirudi. Kwa sababu limekuja mapema na liko mbali nyuma, mswaki haulifikii vizuri, nalo linaoza haraka.

Fanyeni hivi leo jioni, kabla giza halijaingia. Mwiteni mtoto nje penye mwanga wa jua, afungue kinywa, hesabuni meno kutoka katikati ya mbele kwenda nyuma. La sita ndilo hilo. Angalieni kama lina doa la kahawia, weusi au tundu. Mkiona, msisubiri liume. Tundu ambalo haliumi ndilo linalozibika.

MASWALI AMBAYO WAZAZI WALITUULIZA

Leza inaleta mionzi kama ya eksirei?
Hapana. Ni mwanga. Hatari yake ni kwa macho na kuunguza, na ndiyo sababu ya miwani na munganga aliyejifunza.

Vidonge vya rangi mbili vinaponya jino?
Haviponyi. Vinaweza kutuliza usaha kwa siku chache, lakini tundu liko pale pale. Tena kutumia vidonge hivyo ovyo kunafanya vishindwe kufanya kazi siku mtakapovihitaji kweli.

Jino la utoto likioza tuliache tu?
Msiliache. Linauma sawa na la ukubwa, linamzuia mtoto kula na kusoma, na usaha wake unaweza kuharibu jino linalokuja chini yake.

Mswaki mara ngapi?
Mara mbili kwa siku, na ile ya usiku kabla ya kulala ndiyo kubwa. Dawa ya meno iwe yenye floraidi. Mtoto chini ya miaka mitatu apakiwe kama punje ya mchele, wa miaka mitatu mpaka sita kama punje ya njegere. Ateme povu, asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki kwenye meno. Na soda, pipi, miwa na chai ya sukari nyingi visiwe kila saa. Kinachoozesha zaidi ni kunyonya sukari mara nyingi siku nzima.

Lini twende mbio, hata usiku?
Uso au shingo ikivimba, mtoto akipata homa, akishindwa kumeza, kufungua kinywa au kupumua vizuri. Hapo msingoje asubuhi. Usaha wa jino unaweza kuua.

NENO LA MWISHO

Ndugu zetu, hatusemi leza ni uongo. Ni kweli, iko, na inasaidia watu. Pengine siku moja wajukuu wetu wataikuta hapa hapa. Lakini mtu akikupigia simu na habari ya matibabu ya ajabu mjini, uliza kwanza vitu vitatu: inatibu ugonjwa gani hasa, bei yake ngapi, na je, kituo cha karibu hakina njia ya kufanya kazi hiyo hiyo? Uliza kabla hujauza kitu.

Kuanzia mwezi ujao, sisi walimu tutaangalia meno ya watoto wa P.1 mpaka P.3 kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, tukiwa na jua tu na macho yetu. Tutakayemwona na tundu, tutamwandikia mzazi karatasi. Tafadhali, ukiipokea karatasi hiyo, usiiweke chini ya godoro. Nenda nayo kituo cha afya, na usisahau kadi ya familia.

 

Ni sisi, walimu wenu wa kujitolea.